CHEVALIER DE SAINT-GEORGES, BINGWA WA UPANGA
Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Katika masomo yetu ya historia twasoma sana habari za wafalme, majemadari na wavumbuzi. Leo napenda kuwasimulia wanafunzi wenzangu, pamoja na walimu na wazazi wetu, habari za mtu ambaye hakuwa mfalme wala hakuacha mali. Alizaliwa na mama mtumwa, akawa mpiga upanga aliyesifiwa kote Ulaya, tena mtungaji wa muziki, tena kanali wa jeshi. Jina lake alilozaliwa nalo ni Joseph Bologne, lakini dunia humjua zaidi kwa jina la Chevalier de Saint-Georges.

Alizaliwa mwaka wa 1745 katika kisiwa cha Guadeloupe, katika bahari ya Karibiani, ng'ambo ya Atlantiki. Wakati ule kisiwa kile kilikuwa koloni la Ufaransa. Mali yake ilikuwa sukari, na sukari ile ilitoka katika jasho la Waafrika waliochukuliwa kwa merikebu kwenda kulima miwa ya watu wengine. Baba yake, Georges Bologne, alikuwa Mfaransa mwenye mashamba na watumwa, tena alikuwa na mke wa ndoa na binti. Mama yake Joseph aliitwa Nanon, naye alikuwa mjakazi mwenye asili ya Afrika. Kwa sheria ya Ufaransa iliyotungwa mwaka wa 1685, mtoto wa mjakazi alikuwa mtumwa kama mama yake. Basi Joseph alianza maisha yake akiwa mali ya mtu, na mtu huyo ndiye baba yake mwenyewe.

Ajabu ni kwamba upanga uliingia katika maisha yake kabla hajaweza hata kuushika. Alipokuwa mtoto wa miaka 2 tu, baba yake aligombana na mtu katika kisiwa kile, panga zikachomolewa, na yule mwingine akajeruhiwa, baadaye akafa. Georges alikimbilia Ufaransa, na huku nyuma akahukumiwa kunyongwa. Baadaye mfalme alimsamehe, akarudi kisiwani. Tukumbuke jambo hili, kwani tutaona jinsi mtoto alivyoutumia upanga kwa namna nyingine kabisa.

Mwaka wa 1753 baba yake alimpeleka Ufaransa kusoma, naye alikuwa na umri wa miaka 7. Miaka 2 baadaye Nanon naye akaja, wakaishi Paris. Georges alimpenda mwanawe, akamtakia elimu ya mtoto wa kiungwana. Alipofika umri wa miaka 13 alimpeleka katika chuo cha mwalimu mmoja mashuhuri wa upanga, Bwana Nicolas Texier de La Boëssière. Kilikuwa chuo cha kukaa bwenini. Asubuhi wanafunzi walisoma hesabu, historia, lugha za kigeni, muziki na mengineyo, na mchana wakaingia katika ukumbi wa silaha. Sisi tunaoamshwa kwa kengele na kulala kwa kengele twaweza kuyafahamu vizuri maisha yale.

Hapa yafaa nieleze kidogo mchezo wenyewe, maana wengi wetu hatujauona. Upanga wa mazoezi si kama panga letu la kukatia majani. Ni chuma chembamba, chepesi, kisicho na makali, na ncha yake ina kifundo ili isitoboe mwili. Anayeshika upanga huu hakati, bali huchoma kwa ncha, na shabaha yake ni kiwiliwili tu: kifua, tumbo na mgongo. Ukimgusa mwenzio hapo umepata. Ukimgusa mkono au mguu hukupata kitu.

Mchezo huu una adabu yake. Mwenzio akikushambulia kwa haki, huruhusiwi kumrukia tu ili nawe umchome wakati ule ule. Sharti kwanza uukinge upanga wake kwa upanga wako, ndipo ujibu. Yeye naye hukinga jibu lako, hujibu tena, na hivyo mapanga husemezana kama watu wawili wanaopeana zamu ya kusema. Adabu hiyo haikuwekwa kwa urembo. Zamani watu walicheza bila kufunika uso, na mtu akirusha upanga ovyo angeweza kumpofusha mwenzake. Huyu Bwana La Boëssière hukumbukwa hata leo kwa kuwa mmoja wa walioeneza barakoa ya waya ya kukinga uso, ambayo iliwawezesha wachezaji kupigana kwa kasi zaidi bila hatari.

Mwanafunzi mpya haanzi kwa kupigana. Huanza kwa kujifunza kusimama: magoti yamekunjwa, kiwiliwili kimenyooka, mguu mmoja mbele na mmoja nyuma. Kisha hufundishwa kwenda mbele na kurudi nyuma bila kupoteza mizani, na kujirusha kwa mguu wa mbele huku mkono umenyooka. Mambo hayo hurudiwa siku baada ya siku, mpaka mwili uyafanye wenyewe kabla akili haijaamuru. Ni kazi ya kuchosha, na wengi huiacha. Joseph hakuiacha. Mtoto wa mwalimu wake, ambaye baadaye alichapisha kitabu juu ya upanga mwaka wa 1818, aliandika kwamba Joseph alipokuwa na miaka 15 aliwashinda wapiga upanga wenye nguvu, na alipofika miaka 17 wepesi wake ulikuwa haujapata kuonekana. Kadhalika alikuwa hodari wa kupanda farasi, kucheza dansi, kuteleza juu ya barafu na kuogelea. Yasemekana aliweza kuuvuka mto Seine akiogelea kwa mkono mmoja tu.

Sifa zake zilipoenea, wivu nao ukaenea. Katika mji wa Rouen alikuwako mwalimu wa upanga aliyeitwa Alexandre Picard. Bwana huyu alimdharau Joseph mbele za watu kwa sababu ya rangi yake. Joseph hakupenda kwenda kupambana naye, lakini baba yake alimhimiza, akamwahidi farasi na gari zuri kama atashinda. Siku ya pambano watu walijaa, na wengi waliwekeana fedha. Kwa baadhi yao lile halikuwa shindano la watu wawili tu. Walitaka kuona kama kijana wa Kiafrika kwa upande wa mama aweza kumshinda Mzungu mwalimu wa silaha. Picard alishindwa, na kijana akarudi Paris na gari lake.

Wasomaji watazame hapo. Ndani ya ukumbi wa upanga lilikuwako jambo moja ambalo halikupatikana mahali pengine pengi katika Ufaransa ya siku zile. Ncha ya upanga ama imegusa kifua ama haikugusa. Haiulizi baba yako nani, wala mama yako alizaliwa wapi. Lakini mlango wa ukumbi ulipofunguliwa na Joseph akatoka barabarani, sheria zilikuwa zikimngojea nje. Mwaka wa 1762 mfalme aliamuru kwamba watu weusi na machotara wote waliokuwamo Paris waandikishwe katika daftari la serikali. Joseph na mama yake waliandikishwa. Machotara hawakuruhusiwa kurithi utukufu wa ukoo wa baba. Mwaka wa 1777 ilitolewa amri ya kuwazuia watu weusi wasiingie Ufaransa, na mwaka wa 1778 ndoa baina yao na Wazungu zikakatazwa. Saint-Georges, aliyependwa na mabibi wengi wa Paris, hakuoa maisha yake yote.

Hata hivyo, kwa ajili ya ustadi wake na fedha za baba yake, aliingizwa katika kikosi cha askari wa farasi wa mfalme, akaanza kuitwa Chevalier, yaani muungwana mpanda farasi. Jina la Saint-Georges alilichukua kutoka kwa baba yake. Baba huyo alirudi Guadeloupe mwaka wa 1764, akafariki huko mwaka wa 1774. Urithi wote ulikwenda kwa binti yake wa ndoa. Joseph hakupata shamba wala fedha. Tangu siku hizo ilimpasa kula kwa kazi ya mikono yake, na mkono wake ulijua kazi mbili: upanga na fidla.

Kabla sijafika kwenye fidla, sharti nieleze siku ile aliposhindwa. Mwezi wa Septemba mwaka wa 1766 alifika Paris bingwa mmoja wa Italia, Giuseppe Faldoni, kutoka mji wa Livorno. Saint-Georges alikuwa kijana wa miaka 20. Wakubwa wa Paris walikusanyika kuwatazama. Pambano lilikuwa kali, na mwisho Faldoni ndiye aliyepata migusano mingi zaidi. Mfaransa alishindwa mbele ya wenyeji wake. Lakini Faldoni, baada ya kumpima kwa upanga wake mwenyewe, alitangaza kwamba hakuna katika Ulaya yote mpiga upanga aliye bora kuliko kijana yule. Na heshima ya Saint-Georges haikupungua hata kidogo, ilizidi. Mimi huona kwamba siku ile ya kushindwa yatufunza kuliko siku ile ya Picard. Kumshinda mtu anayekudharau ni jambo tamu. Kushindwa kwa haki, na yule aliyekushinda akakusifu kwa moyo wake, ni jambo gumu zaidi kulipata.

Sasa tuje kwenye muziki. Mwaka wa 1769 lilianzishwa mjini Paris kundi la wapiga muziki lililoitwa Concert des Amateurs, chini ya mtungaji mashuhuri François-Joseph Gossec. Saint-Georges aliingia akipiga fidla. Mwaka wa 1772 alisimama mbele ya watu akapiga muziki alioutunga mwenyewe, muziki mgumu sana wa fidla moja ikisindikizwa na kundi zima. Wale waliomjua kwa upanga tu walishangaa. Mwaka uliofuata Gossec aliondoka, na Saint-Georges akafanywa kiongozi wa kundi lile. Chini ya uongozi wake likawa mojawapo ya makundi bora ya Ulaya. Nadhani si ajabu. Mkono uliofundishwa tangu utotoni kusogea upesi bila kukakamaa, na kusimama pale pale unapotakiwa, ulikuwa umekwisha jifunza nusu ya kazi ya fidla.

Lakini mwaka wa 1776 ulimletea uchungu. Opera ya Paris ilikuwa na shida ya fedha na uongozi, ikatafuta mkurugenzi mpya. Jina la Saint-Georges lilitajwa, na wengi waliona kwamba hakuna afaaye kuliko yeye. Ndipo baadhi ya waimbaji na wachezaji wa kike walio mashuhuri katika Opera walipompelekea malkia maombi, wakisema kwamba heshima yao haiwaruhusu kupokea amri za chotara. Saint-Georges alijitoa, na kazi ile hakuipata.

Hapa ndipo palipo na moyo wa habari hii. Picard alimtukana, Saint-Georges akamjibu kwa upanga. Waimbaji wale hawakumtukana uso kwa uso. Waliandika karatasi. Je, mtu huikinga karatasi kwa upanga gani? Mtu aliyeweza kumgusa kifuani karibu kila mpiga upanga wa Ulaya hakuwa na njia ya kuligusa jambo lile. Ustadi wake ulimpeleka mpaka mlangoni, lakini ufunguo wa mlango ulikuwa mikononi mwa wengine. Wapo watu ambao wangevunjika moyo hapo, na wapo ambao wangechomoa upanga wa kweli na kumwaga damu. Yeye hakufanya hili wala lile. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Aliendelea kutunga. Opera yake ya kwanza ilichezwa mwaka wa 1777, na nyingine, iitwayo L'Amant anonyme, mwaka wa 1780. Concert des Amateurs lilipovunjika mwaka wa 1781 kwa kukosa fedha, aliongoza kundi jipya. Kundi hilo ndilo lililomwagiza Joseph Haydn wa Austria, mtungaji mkubwa wa siku zile, atunge simfoni 6, nazo zikapigwa Paris chini ya uongozi wa Saint-Georges. Hata leo simfoni hizo huitwa simfoni za Paris.

Wakati wote huo upanga hakuuweka chini. Mwaka wa 1779 John Adams, ambaye baadaye alikuwa Rais wa pili wa Marekani, alikuwa Ufaransa. Aliandika katika daftari lake la kila siku kwamba Saint-Georges alikuwa mtu mwenye ustadi kuliko wote katika Ulaya kwa kupanda farasi, kulenga shabaha, kupiga upanga, kucheza dansi na kupiga muziki. Mwaka huo huo watu walimvizia usiku katika njia ya Paris ili wamdhuru, naye akajitetea pamoja na rafiki yake mpaka askari wa zamu walipofika.

Mwaka wa 1787 alikwenda Uingereza. London palikuwa na chuo kikubwa cha upanga cha ukoo wa Angelo, na Henry Angelo alikuwa rafiki yake. Tarehe 9 Aprili mwaka huo liliandaliwa pambano katika jumba la Carlton House, mbele ya mrithi wa ufalme wa Uingereza. Mpinzani wake alikuwa Mfaransa mwenziwe, Chevalier d'Éon. Huyu alikuwa mtu wa ajabu. Aliwahi kuwa askari na mjumbe wa siri wa mfalme wa Ufaransa, na tangu mwaka wa 1777 aliishi akivaa mavazi ya kike. Siku ile alikuwa na umri wa miaka 58, amevaa gauni jeusi, na Saint-Georges alikuwa na miaka 41. Mzee yule alimgusa Saint-Georges mara kadha. Wengine walisema kwamba Saint-Georges alimstahi kwa umri wake na mavazi yake, wengine wakasema mkono wa d'Éon ulikuwa bado wa moto. Mchoraji mmoja alichora picha ya pambano lile. Na picha nyingine ya Saint-Georges, ameshika upanga, iliyochorwa na Mather Brown mwaka ule ule, ilitundikwa katika chuo cha Angelo.

Katika safari zake za Uingereza lilimpata jambo jingine, ambalo magazeti ya London yalilisimulia. Jioni moja alikuwa akienda Greenwich kupiga muziki. Mtu mwenye bastola alimtokea njiani. Saint-Georges hakuwa na upanga, alikuwa na fimbo ya kutembelea tu. Kwa fimbo ile alimnyang'anya yule mtu silaha yake, na wenzake 4 walipotokea wakitaka kumsaidia, aliwapiga nao pia mpaka wakakimbia. Kisha akaendelea na safari yake, akapiga muziki kama ilivyopangwa. Aliyeujua upanga vizuri aliijua na fimbo, kwani miguu ni ile ile, macho ni yale yale, na kupima umbali ni kule kule.

Waliomjua waliandika kwamba alikuwa mpole na mkarimu, wala hakutafuta ugomvi. Ikiwa tutakumbuka baba yake na yule mtu aliyekufa Guadeloupe, tutaona tofauti. Baba alichukua upanga katika hasira ya saa moja, na mtu akafa. Mwana aliushika upanga miaka 30 na zaidi, akajulikana kwa wepesi wake na adabu yake, si kwa watu aliowaua.

Mwaka wa 1789 yalianza Mapinduzi ya Ufaransa. Watangazaji wa Mapinduzi walisema kwamba watu wote huzaliwa huru na sawa. Tuwaze jinsi maneno hayo yalivyoingia masikioni mwa mtu aliyezaliwa mtumwa! Saint-Georges aliacha maisha ya jumba la mfalme, akaenda mji wa Lille, karibu na mpaka, akajiunga na askari wa ulinzi wa taifa na kufanywa kapteni. Mwezi wa Septemba mwaka wa 1792 Bunge liliidhinisha kuundwa kwa kikosi cha watu wa rangi, waliotoka hasa katika visiwa vya Karibiani. Saint-Georges akafanywa kanali wake, na watu wakakiita kikosi cha Saint-Georges. Msaidizi wake mkuu alikuwa Thomas-Alexandre Dumas, ambaye naye alizaliwa na mama mtumwa katika kisiwa cha Saint-Domingue, na ambaye mwanawe alikuja kuwa mwandishi maarufu wa hadithi za wapiga upanga.

Mwezi wa Aprili mwaka wa 1793 jemadari mkuu wa jeshi la kaskazini, Dumouriez, aliigeukia serikali yake, akatuma watu kuuteka mji wa Lille. Saint-Georges na Dumas walikuwa miongoni mwa walioukinga mji ule, na hila ile ikashindwa. Ungedhani kwamba baada ya hayo angetunzwa. Lakini zilikuwa siku za hofu, ambapo kila mtu alishukiwa, na aliyewahi kula mezani kwa wakubwa alishukiwa zaidi. Mwezi wa Septemba mwaka ule ule aliondolewa katika ukanali, kisha akafungwa. Alikaa kifungoni bila kuhukumiwa, huku wengi aliowajua wakipelekwa kukatwa vichwa, hata akafunguliwa katika mwaka wa 1794. Aliomba arudishiwe kikosi chake. Hakurudishiwa.

Mara nyingine tena, basi, karatasi ilimshinda mpiga upanga. Na mara nyingine tena alirudi katika kazi yake. Katika miaka yake ya mwisho aliongoza kundi la muziki mjini Paris, na watu walikuja kumsikiliza kama zamani. Alifariki huko mwezi wa Juni mwaka wa 1799, akiwa na umri wa miaka 53, hana mke, hana mtoto, hana mali.

Mambo yaliyotokea baadaye yaongeza uchungu wa habari hii. Ufaransa ilikuwa imefuta utumwa katika makoloni yake mwaka wa 1794. Lakini mwaka wa 1802 Napoleon aliurudisha, na huko Guadeloupe jemadari Richepance aliwapiga kwa silaha watu waliokataa kurudishwa utumwani. Muziki wa Saint-Georges ukasahauliwa muda mrefu, na ikawa kama kwamba mtu yule hakuwako.

Katika kumbi za upanga hakusahauliwa upesi. Katika karne iliyofuata, mwalimu mmoja wa upanga aliyesifiwa sana katika Ufaransa alikuwa Jean-Louis Michel, mtu wa rangi aliyezaliwa Saint-Domingue, aliyefundisha miaka mingi katika mji wa Montpellier. Katika karne hiyo hiyo waungwana waliacha kuvaa upanga mijini, wakatembea na fimbo. Basi katika kumbi za Paris walimu wakafundisha upanga, fimbo na kupiga kwa mateke, na michezo hiyo ipo hata leo.

Nimejiuliza mara nyingi, ustadi wake ulimfaa nini mtu huyu, ikiwa haukumpa urithi, wala Opera, wala kikosi chake? Mtu aweza kusema kwamba alifanya kazi bure. Mimi sioni hivyo. Sheria zilimwambia tangu kuzaliwa kwamba yeye ni mtu wa chini. Kila alipoingia ukumbini na kuvaa barakoa, alitoa ushahidi kinyume cha sheria zile, na ushahidi huo haukuweza kufutwa kwa amri ya mfalme wala kwa maombi ya waimbaji. Waliweza kumnyima cheo. Hawakuweza kusema kwa haki kwamba hakukijua alichokijua. Elimu iliyokwisha ingia katika mkono na katika miguu haina wa kuinyang'anya. Lakini pia tusidanganyike kwamba bidii ya mtu mmoja yatosha kuondoa sheria mbaya. Sheria mbaya huondolewa na watu wengi pamoja, na Saint-Georges mwenyewe alilijua hilo, ndiyo maana katika umri wa miaka 46 aliacha fidla akavaa mavazi ya askari pamoja na watu 1,000 wa rangi yake, au wale walioweza kupatikana katika hesabu hiyo.

Namalizia kwa jambo moja dogo. Mjini Paris palikuwa na njia iliyoitwa kwa jina la Richepance, yule jemadari aliyeurudisha utumwa Guadeloupe. Mwanzoni mwa karne hii ya 21 wakuu wa mji waliliondoa jina lile, na mahali pake wakaandika jina la Chevalier de Saint-Georges. Zilipita miaka 200 na zaidi tangu kufa kwake. Alishambuliwa, akakinga; na jibu lake, ijapokuwa lilichelewa mno, limefika.